Inua Kidevu

Miaka kumi na tisa napiga nyuso
Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili,
mbele ya pazia la bluu lililopauka kingo.
Inua kidevu. Vua kofia. Usicheke.
Watu wakainua, wakavua, wakaacha kucheka,
nikawakata wanne wanne kwa mkasi,
nikawatia kwenye bahasha, wakaenda zao
Maskati, benki, chuoni, mahakamani.

Jumatano nikafunga.
Nikaandika mlangoni kwa chaki: Nimekwenda Jambe.
Na chini yake, maana nawajua wateja wangu:
Nitarudi. Msigonge.

Boti ya faiba, mashine ya farasi kumi na tano
inakohoa kama mtu aliyeamshwa bila salamu.
Shekiondo wa hifadhi anaongoza kwa unyayo;
mikono yake inamenya chungwa la Muheza.
Huko unaenda kumpiga nani?
Simpigi mtu.
Anatema kokwa majini, ananitazama
kama nimemwalika harusi isiyo na bibi harusi.

Maji yametoka. Tunaiacha boti mbali,
tunakanyaga mwani, tope, vipande vya matumbawe,
kamera shingoni, stendi begani kama jembe,
na yangeyange mmoja anatutangulia, hatua kwa hatua,
kama karani anayejua ofisi ilipo.

Saa sita mchana. Nimekosea saa.
Jua liko utosini, vivuli vimejificha chini ya wenyewe,
mwamba umepauka kama uso uliopakwa poda ya bei rahisi.
Napiga. Nafuta. Napiga.
Mdomo, kwa mazoea, unasema: inua kidevu.
Shekiondo anacheka mpaka anakaa chini.
Kisiwa hakiinui kitu.

Sikuja kwa mandhari peke yake, niseme kweli.
Bi Mwanajaa Kilua, mteja wa picha nne,
amerudishwa dirishani mara tatu na fomu ileile:
mahali pa kuzaliwa, Jambe.
Jambe hakukai watu, mama.
Hakukai, mwanangu. Nimesema nilizaliwa, sijasema nakaa.
Akaja kwangu, akaweka mezani noti mbili
zilizokunjwa kama hirizi:
Nipigie kwetu. Wapaone.

Basi tunangoja.
Tunakula mihogo ya kuchoma iliyopoa, na pilipili.
Betri moja inakata roho.
Alasiri wingu linashuka kutoka upande wa Usambara,
linaziba jua, linaliachia kidogo,
na mwanga unakuja kwa ubavu,
unaingia kila tundu la mwamba.
Ukuta wa chokaa unaota mikunjo, unaota mashavu;
mkandaa unatoa mizizi kama vidole vinavyohesabu deni.
Nazuia pumzi.
Safari hii sisemi neno.
Kidole kinashuka, mara moja tu.

Niliisafisha kubwa,
kubwa kuliko harusi yoyote niliyowahi kupiga,
nikaitandika juu ya meza.
Bi Mwanajaa akavaa miwani. Akavua. Akavaa.
Akainusa karatasi, sijui kwa nini.
Ukuta naujua, akasema. Wa jirani.
Mkandaa huu ulikuwa haujazaliwa.
Kisha kidole chake kikatembea hadi chini ya picha,
kikapita ukingo mweupe, kikatoka kwenye karatasi,
kikasimama juu ya ubao mtupu wa meza,
karibu na tumbo langu.

Kwetu hapa, akasema.
Uliposimama wewe.

Nimechukua chaki.